Ndege ya mafunzo ya jeshi ikianguka mtaani: saa ya kwanza kwa viongozi wa mitaa ya Dar es Salaam

Ndege ya kivita ya mafunzo ikianguka Kiwalani, Kipawa, Vingunguti, Ukonga, Gongo la Mboto au Kitunda, wa kwanza kufika hawatakuwa wanajeshi wala zimamoto. Watakuwa bodaboda wa kijiwe cha jirani, mama lishe aliyeacha sufuria jikoni, vijana waliokuwa wanacheza drafti chini ya mwembe, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa aliyepigiwa simu kumi kwa mpigo. Kama ni jioni na Barabara ya Nyerere imeshika foleni, hao ndio watakaokuwa peke yao kwa nusu saa, pengine zaidi. Mwongozo huu ni wao: mwenyekiti, mtendaji wa mtaa, wajumbe wa mashina na kikundi cha ulinzi shirikishi.

Asiyeamini kwamba jambo hili linaweza kutokea katikati ya makazi aangalie Dhaka. Tarehe 21 Julai 2025 ndege aina ya F-7 BGI ya jeshi la anga la Bangladesh, ikiwa kwenye safari ya mafunzo, iliangukia shule ya Milestone eneo la Uttara, dakika chache baada ya kuruka. Rubani alikuwa peke yake ndani, naye alifariki. Jumla ya waliokufa ilipita 30, wengi wao watoto, na wengi waliuawa na moto. Nyumba zilizobanana, shule katikati ya nyumba, uwanja wa ndege jirani: mtu wa Kipawa hahitaji kuelezwa zaidi.

Katika saa hiyo ya kwanza kazi yako ni watu. Ndege ina wenyewe, watakuja. Ukishindwa kila kitu kingine lakini ukafanikiwa kuwarudisha watu nyuma na kuacha njia moja wazi, umeokoa wengi kuliko kijana shujaa aliyekimbilia kwenye moshi na ndoo ya maji.

Dakika tano za mwanzo

Piga simu mwenyewe, usidhani mwingine ameshapiga. Namba ni 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na 112 kwa polisi. Taja kwanza mahali, kwa sababu simu ikikatika angalau wawe wameshajua waje wapi. Sema hivi: "Naitwa fulani, mwenyekiti wa mtaa fulani, kata fulani. Ndege imeanguka nyuma ya shule ya msingi fulani. Inaungua. Nyumba kama tatu zimeshika moto. Ingieni kwa njia ya sokoni, ya msikitini ni nyembamba." Neno la mwisho hilo ndilo husahaulika. Gari kubwa la zimamoto linahitaji upana wa karibu mita nne ili lipite bila kukwama, na mitaa yetu mingi haina huo. Wewe unaijua njia inayopitisha lori la mchanga. Itaje hiyo, kisha peleka bodaboda wawili barabara kuu wawasubiri na kuwaongoza.

Ukiweza kuona kama ni ndege ya jeshi, sema. Rangi za kijani au kijivu zisizong'aa, pua iliyochongoka, kioo kama kuba juu ya rubani, viti viwili kimoja nyuma ya kingine: hizo ni dalili. Ukiona parachuti angani au juu ya paa, sema pia. Taarifa hiyo hubadilisha vifaa wanavyokuja navyo na watu wanaowajulisha.

Halafu angalia upepo. Usiangalie moshi tu, kwa sababu moto mkubwa huurusha moshi juu wima kabla haujalala. Tazama khanga kwenye kamba ya nguo au bendera ya ofisi ya CCM. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, upepo hutoka kaskazini mashariki na moshi huelekea kusini magharibi. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili na kuendelea, moshi huelekea kaskazini na kaskazini magharibi. Mchana upepo wa bahari huingia kutoka mashariki, kwa hiyo usitegemee kalenda peke yake. Watu wote wahamie upande upepo unakotoka. Walio upande moshi unakoelekea wahamishwe kwanza, hata kama nyumba zao hazijaguswa.

Umbali: mita 300. Kwa mtu mzima ni kama hatua 400 za kawaida. Katika mtaa wa Dar hiyo ni nyumba nyingi sana, na hutaweza kuzihamisha zote kwa dakika tano. Anza na duara dogo la nyumba zinazoonana na mabaki, kisha lipanue. Kukiwa na mabomu, roketi au risasi zinazoonekana, au milipuko midogomidogo inayoendelea ndani ya moto, ongeza hadi mara mbili ya umbali huo. Wakazi wa Mbagala wa Aprili 2009 na wa Gongo la Mboto wa Februari 2011, maghala ya silaha ya jeshi yalipolipuka, wanajua kombora linaweza kuruka umbali gani kutoka kwenye moto.

Tumia kipaza sauti cha msikiti, cha kanisa, au cha gari la matangazo. Maneno yawe machache na yajirudie: "Ndugu zangu, rudini nyuma. Zimeni majiko. Fungeni mitungi ya gesi. Msiokote kitu chochote." Majiko ni jambo zito. Mafuta yaliyomwagika hutembea kwenye mtaro hadi kwa mama lishe aliye mita 80, na jiko la mkaa lipo palepale linangoja. Mafundi wa kuchomelea wazime mashine. Bodaboda wazime injini na kusukuma pikipiki kwa mkono ndani ya eneo lenye harufu ya mafuta. Sigara haina mjadala.

Mafuta, na kwa nini Msamvu isirudiwe

Ndege ndogo ya mafunzo ya jeti hubeba lita elfu moja hivi za mafuta. Ya kivita kama F-7 hubeba zaidi ya lita elfu mbili, bila matangi ya nje. Mafuta hayo ni ya jamii ya mafuta ya taa. Hayashiki moto upesi kama petroli: kwenye joto la kawaida kiberiti kikitupwa juu ya dimbwi lake huweza kuzimika. Hapo ndipo watu hudanganyika. Mafuta hayohayo yakilowana kwenye nguo, mchanga, godoro au gunia huwaka kama utambi. Yakigusa bomba la injini ambalo bado lina joto kali, huwaka bila cheche yoyote. Yakiwa yamepulizwa kama ukungu na kishindo cha kuanguka, huwaka yote kwa pamoja.

Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na madumu, na zaidi ya 100 wakafa. Lile lilikuwa la petroli, lakini tabia ya watu ndiyo ileile. Atakayekuja na dumu kwenye ndege arudishwe na kikundi cha ulinzi hata kama ni mjomba wako. Hapa huna haja ya upole wa kiuongozi.

Mafuta yakianza kuelekea mtaroni, jaza viroba mchanga na kuziba mtaro sehemu mbili, moja karibu na moja mbele zaidi, kwa sababu cha kwanza huvuja. Viroba vinne hadi sita vinatosha kwa mtaro wa kawaida. Visima vifupi vya jirani vifungwe hadi maji yapimwe. Mtu asinywe wala asipikie, hata kama maji yanaonekana safi.

Moto wa ndege yenyewe usiuguse. Maji ya bomba yakimwagwa kwa nguvu kwenye mafuta yanayowaka huyasukuma kwenye nyumba ya pili. Zimamoto hutumia povu. Mtungi wa unga wa kilo 6 au 9 kutoka kituo cha mafuta unafaa kwa kuzima kitu kidogo kilichoshika moto pembeni, mlango, gari, paa la makuti, na kumfungulia mtu njia ya kutoka. Ukiona mwanga mweupe mkali unaoumiza macho, hasa kwenye magurudumu, huenda ni magnesiamu inaungua, na maji huufanya mwanga huo ufoke zaidi. Matairi nayo hupasuka kwa nguvu baada ya kupata joto. Anayelazimika kupita karibu na gurudumu apite mbele au nyuma yake, kamwe si ubavuni.

Waya za umeme zilizokatika zihesabiwe kuwa hai hadi TANESCO waseme vinginevyo. Mita kumi, na aliye karibu nazo aondoke kwa kuburuza miguu bila kuinyanyua.

Kiti, kioo na mistari ya njano na nyeusi

Hili ndilo linaloitofautisha ndege ya jeshi na ndege ya abiria, na ndilo lisilojulikana mitaani, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Rubani wa ndege ya jeti ya jeshi hukalia kiti cha kujirusha. Chini ya kiti kuna risasi kubwa na roketi. Akivuta mshikio ulio katikati ya mapaja au juu ya kichwa, kioo cha juu hutupwa au hupasuliwa, kiti humtoa pamoja naye makumi ya mita juu, na parachuti hufunguka lenyewe. Yote hayo huchukua sekunde chache. Mishikio hiyo huwa na mistari ya njano na nyeusi. Nje ya mwili wa ndege, karibu na kioo, kuna pembetatu nyekundu zinazoonya juu ya kiti.

Ndege ikianguka bila rubani kujirusha, kila kitu hicho bado kipo ndani, kimekunjika, kimepigwa na joto, na hakuna anayejua kimebakiza nini. Tarehe 8 Novemba 2011 katika kambi ya Scampton, Uingereza, rubani wa kikosi cha maonyesho cha jeshi la anga alirushwa na kiti ndege ikiwa imesimama ardhini, na parachuti halikufunguka. Alifariki. Ndege ile ilikuwa nzima, mafundi wapo, uwanja ni wao. Sasa fikiria kiti kilichopondeka katikati ya vumbi la Vingunguti, na kijana mwenye nyundo anayetaka kukifungua.

Kwa hiyo: asiyefundishwa asiingize mkono wala mguu kwenye chumba cha rubani. Asipande juu ya kioo. Asivute kitu chenye mistari. Kiti kilichotua peke yake shambani au juu ya bati nacho ni hatari, maana si kila risasi iliyomo lazima iwe imelipuka. Weka watu mbali nacho na ziba eneo. Mitungi ya oksijeni iliyotawanyika isiguswe kwa mikono yenye grisi au mafuta, huweza kuwaka papo hapo.

Kuna hali moja tu inayobishaniwa: rubani yumo ndani, yuko hai, na moto unamfikia. Ushauri wetu ni kwamba mwenyekiti asimwagize mtu kwenda. Mtu mzima akiamua mwenyewe kwenda, asimame ubavuni, kamwe asiiname juu ya kiti, asiguse mishikio, akate mikanda ya mabega na ya kiunoni kwa kisu kikali na kumvuta kwa pembeni. Asihangaike na kofia. Kama moto haujamfikia, ngoja wataalamu, zungumza naye ukiwa pembeni, mwambie watu wako njiani.

Aliyetua kwa parachuti

Ndege ya mafunzo mara nyingi hubeba wawili, mwanafunzi na mwalimu. Ukiona parachuti moja usihitimishe kwamba alikuwa mmoja. Tuma watu wawili wawili kwenye mapaa, miti na mitaro kwenye mstari ambao ndege ilipita kabla ya kuanguka, kwa sababu waliojirusha hubaki nyuma ya mabaki, hawatangulii.

Ukimkuta, jambo la kwanza ni parachuti. Upepo ukilijaza humburuza mtu hadi barabarani. Shika kamba za upande wa chini, ulio karibu na ardhi, vuta kuelekea kwako hadi lilegee, kisha likalie. Usimtoe kwenye mti kwa kukata kamba kabla ya kuandaa watu sita chini wenye shuka au turubai.

Mchukulie kuwa amevunjika mgongo, hata kama anaongea na anataka kusimama. Nguvu ya kiti huminya pingili za uti wa mgongo, na anaweza asihisi maumivu kwa dakika kadhaa. Mlaze chali, sema: "Afande, tulia, usiinuke, gari linakuja." Mmoja amshike kichwa pande zote mbili kwa viganja, bila kukigeuza. Kofia ibaki isipokuwa anashindwa kupumua. Kifurushi chake kinaweza kuwa na fataki za ishara, na hata silaha, kisifunguliwe. Abebwe juu ya mlango uliong'olewa au ubao mpana, kwenye kirikuu au pikapu, kamwe si kwenye bodaboda akiwa ameshikiliwa na mtu nyuma. Bajaji ni nyembamba mno kumlaza.

Akitua baharini, nje ya Feri, Kigamboni au Kunduchi, wavuvi ndio watakaomfikia. Bukoba ilionyesha hivyo tarehe 6 Novemba 2022: ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria, wavuvi wakawa wa kwanza kuokoa, 24 wakapona na 19 wakafariki. Kwa rubani wa jeshi kuna tofauti moja. Kamba za parachuti hunasa pangaboi. Zima injini mita ishirini kabla, sogea kwa kasia, kata kamba zilizomzunguka, na umtoe majini akiwa amelala, siyo kwa kumvuta mikono akiwa wima.

Walioungua ni wengi kuliko wengine wote

Toa nguo zilizolowa mafuta, isipokuwa zilizoganda kwenye ngozi, hizo zikatwe pembeni yake. Vua pete, bangili na saa mapema kabla ya uvimbe. Kisha maji ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Mtaa ambao DAWASA hawajafungulia maji utatumia ndoo: kwa kumiminia kikombe baada ya kikombe, ndoo ya lita 20 humalizika kama dakika tano, kwa hiyo kila majeruhi anahitaji ndoo nne. Waambie wenye simtanki wafungue mageti. Maji yanasaidia hata kama saa mbili zimepita tangu aungue, ukipata nafasi. Mwagia jeraha tu, mwili mwingine ufunikwe, hasa kwa mtoto, maana hupoa haraka kuliko unavyodhani.

Baada ya hapo funika kwa nailoni safi ya kufungia chakula au khanga safi iliyofuliwa. Dawa ya meno, yai, asali, unga, majivu, mafuta ya nazi: hapana kwa vyote. Vinaziba joto ndani, vinaleta uchafu, na daktari atalazimika kuvikwangua.

Wa kupelekwa kwanza si anayepiga kelele zaidi. Ni mwenye masizi puani au mdomoni, sauti iliyokwaruza, nyusi zilizoungua. Koo lake linavimba na baada ya saa moja huenda hewa isipite. Kupima ukubwa, kiganja cha majeruhi mwenyewe pamoja na vidole ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Mtoto mwenye viganja kumi, au mtu yeyote aliyeungua uso, mikono au sehemu za siri, apelekwe hospitali kubwa bila kusubiri.

Gawanya majeruhi. Watu wote hukimbilia Amana kwa sababu ipo karibu na wanaijua, na Amana ikifurika, wa nusu saa ya pili hulala korido. Peleka mtu mmoja akae na daftari kwenye njia ya kutokea: jina, umri, ameungua wapi, gari gani, hospitali gani. Waliozidiwa wapewe kipaumbele cha Muhimbili; wengine Amana na Temeke. Daftari hilo ndilo litakalowatuliza wazazi jioni. Gongo la Mboto 2011 watoto wengi walipotezana na wazazi wakati watu wanakimbia usiku, kwa hiyo teua sehemu moja ya watoto, ofisi ya mtaa au shule, na akina mama wawili wanaojulikana wakae nao. Mtoto asitolewe kwa mtu anayesema "mimi ni shangazi" bila mtoto mwenyewe kumtambua.

Waliokufa waache walipo, funika kwa shuka. Ukilazimika kusogeza mwili kwa sababu ya moto, kita kijiti pale ulipokuwa na uandike namba ileile kwenye kijiti na kwenye shuka. Jina la rubani usilitangaze hata ukilisoma kifuani. Familia yake itafikiwa na jeshi, na hakuna mama anayestahili kulipata hilo kwenye WhatsApp.

Skrepa na ushahidi

Ajali ya ndege ya kijeshi huchunguzwa na jeshi lenyewe. Utaratibu wa kimataifa wa uchunguzi wa ajali za ndege ni wa ndege za kiraia. Kwako hilo linabadilisha jambo moja: mabaki utayakabidhi kwa nani. Thamani ya ushahidi ni ileile.

Kipande kidogo kama kizibo cha soda kinaweza kueleza chanzo. Taa ndogo ya onyo, kwa mfano: kama ilikuwa inawaka wakati wa kugonga, waya wake wa ndani uliokuwa na joto hunyooka kama uzi, kama ilikuwa imezima, hukatika wima. Mpelelezi akiangalia kwa kioo cha kukuza anajua rubani alikuwa anaonywa nini. Mapanga ya injini yaliyopinda yote upande mmoja yanasema injini ilikuwa inazunguka. Yaliyovunjika bila kupinda yanasema mengine. Manyoya ya ndege wa angani kwenye mdomo wa injini yanasema mengine kabisa. Kijana akikanyaga, akipindua, akivunja au akipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, swali hilo halijibiwi tena, na ndege nyingine ya aina hiyo itaruka na kasoro ileile.

Tuma wajumbe jioni ileile kwenye yadi zote za skrepa za kata, wawaambie wenye yadi wasipokee alumini wala titani ya ajabu. Ahidi kwamba anayerudisha kipande hatakamatwa na serikali ya mtaa, halafu ushike ahadi hiyo. Muulize tu alikitoa wapi, nenda naye, weka jiwe lililopakwa chokaa pale. Bora zaidi kisingeguswa, lakini kilichorudishwa na mahali pake panajulikana ni bora kuliko kilichoyeyushwa. Vipande vya mbali navyo vihesabiwe: bati la ndege lililoangukia paa kilomita tatu nyuma linaonyesha kwamba ilianza kumeguka angani.

Baadhi ya ndege mpya zina sehemu za nyuzi za kaboni, ambazo zikiungua hutoa vijiuzi vyepesi kama manyoya meusi. Vinawasha ngozi, vinaingia mapafuni, na vikitua kwenye waya huleta shoti. Ukiviona, usifagie. Vaa barakoa ya N95, mwagia maji kidogo vilale, funga madirisha ya nyumba zilizo upande upepo unakoelekea, na nguo zilizoanikwa zioshwe upya.

Mashahidi waandike kabla hawajaanza kusimuliana. Baada ya saa moja ya kijiweni, watu kumi huwa wameona kitu kimoja, na kitu chenyewe ni cha mwenye sauti kubwa. Mpe kila mmoja karatasi: ulisimama wapi, ilitokea upande gani, magurudumu yalikuwa nje au ndani, sauti ya injini ilikatika au iliendelea, moto uliuona kabla ya kuanguka au baada, kitu gani kilidondoka. Kama aliona mwanga kabla ya kusikia kishindo, ahesabu sekunde: tatu ni karibu kilomita moja.

Video zibaki kwenye simu iliyozirekodi. Ukizituma kwa WhatsApp kama kawaida, ubora hupungua na saa halisi ya kurekodi hupotea. Mpelelezi atataka faili la asili, kwa hiyo usilikate wala kuliongezea maneno. Picha za maiti zisisambazwe. Kwa uvumi wa "wameilipua" au "kuna ya pili inakuja", mkumbushe msimamizi wa kundi kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha taarifa za uongo, kisha andika ujumbe mmoja wa mtaa, mfupi, wenye saa: "Saa 10:40 jioni. Ndege imeanguka eneo la ... Zimamoto wamefika. Barabara ya ... imefungwa. Watoto waliopotea wapo ofisi ya mtaa. Damu ikihitajika tutatangaza hapa."

Kukabidhi eneo

Askari wakifika, watakuwa na haraka na huenda wasikuulize kitu. Tafuta mwenye cheo, jitambulishe, mpe mambo haya kwa mdomo na kwa karatasi: saa ya kuanguka, idadi ya parachuti zilizoonekana, viti au silaha mlizozizungushia kamba na ziko wapi, miili na namba zake, vipande vilivyosogezwa na nani alivisogeza, mashahidi na simu zao, majeruhi na hospitali zao. Omba jina lake na la kikosi chake, andika saa ya makabidhiano, wote wawili wekeni sahihi. Baki na nakala.

Kuanzia hapo ufanye kazi ya nyumba zilizoharibika, maana madai ya fidia huanza na orodha ya siku ile ile. Kabla mwenye nyumba hajazoa kifusi, piga picha kila chumba kutoka pembe nne, na nyingine inayoonyesha nyumba na jirani zake ili isibishaniwe ni ipi. Andika bati, tofali, milango, godoro, cherehani, friji, kuku. Wapangaji waandikwe kwa majina yao, tofauti na mwenye nyumba. Mara nyingi husahaulika, na vitu vyao ndivyo vilivyoungua. Kila ukurasa usainiwe na mhusika, mjumbe wa shina na shahidi mmoja asiye ndugu. Tengeneza nakala tatu: ya mwathirika, ya ofisi ya mtaa, na ya ofisi ya mtendaji wa kata, iliyogongwa mhuri wa kupokelewa na tarehe.